Mbili Nukta Kumi na Moja

Kompyuta ya kampuni ya chumvi pale Marereni ilikataa kazi Jumanne saa nne kasorobo ya asubuhi, mbele ya watu sita, na kwa bahati mbaya mmoja wao alikuwa meneja.

Easter, fundi aliyetoka Mombasa alfajiri, alikuwa ameingiza diski ya kwanza na kubonyeza vitufe vyake kwa haraka ya mtu anayetaka kuwahi gari la kurudi. Programu aliyoileta ilikuwa ya mizani. Lori likipanda mizani pale langoni, uzito wa chumvi uingie kwenye mashine, usiandikwe tena kwenye lile daftari refu ambalo hata pini zake zimeshika kutu. Makarani wawili wa mizani walikuwa wameacha lango wazi waje kutazama. Skrini ikaandika mstari mmoja wa Kiingereza, basi, ikanyamaza.

"Inasema nini?" akauliza Bwana Kirit, meneja.

"Inasema DOS iliyomo si ile inayoitaka."

DOS, kwa asiyejua, ni ile programu ya kwanza inayoamka mashine ikiwashwa, na programu nyingine zote hupanda mgongoni kwake. Mgongo ukiwa mdogo, mzigo haukai. Mwaka ule wa themanini na nane hapakuwa na watu wengi kati ya Malindi na Garsen waliolijua jambo hilo, wala hapana ubaya. Watu walikuwa na mambo yao.

"Programu hii inataka toleo la tatu kwenda juu," Easter akaendelea.

"Si ndilo tulilowaandikia?"

"Mliandika kwamba mashine yenu ina tatu nukta mbili. Fomu ninayo hapa." Easter hakutaka ubishi. Alitoa diski, akabonyeza herufi tatu, V, E na R, kisha kitufe cha kuingiza. Mashine ikajibu papo hapo, bila kusita: 2.11. "Haya, yenyewe hiyo. Mbili nukta kumi na moja. Ukiiuliza inakwambia, na kuuliza ni bure."

Kuuliza ni bure! Bwana Kirit uso ulimwiva. Ijumaa wakurugenzi walikuwa wanakuja kutoka Mombasa kuiona kompyuta ikipima malori, na ni yeye aliyewaita. Alitaka kujua kama DOS mpya haiwezi kutiwa siku hiyo hiyo. Easter akamwambia inawezekana, lakini si leo wala kesho: diski za DOS zilizokuwa kabatini zimeingiwa na unyevu wa chumvi, hazisomeki, na kabla ya kubadilisha chochote lazima kila kilichomo kinakiliwe. Wiki mbili, akipata nafasi.

"Nani aliyeijaza fomu hii?"

Sahihi iliyokuwa kwenye fomu ilikuwa ya Bwana Kirit mwenyewe. Lakini nani atakayemuuliza meneja kama husoma anachokitia sahihi? Alishuka na kidole mpaka chini kabisa ya karatasi, mahali ambapo kwa desturi ya ofisi huwekwa herufi ndogo za aliyepiga chapa. Herufi zilikuwa za Kamaria.

Kamaria alikuwa amesimama karibu na kabati la mafaili. Alikuwa na miaka ishirini na sita na watoto wawili, na ndiye aliyekuwa taipisti wa ofisi ile kwa mwaka wa pili sasa, wa muda, akingoja kuthibitishwa Januari. Alimtazama Mzee Badawi, karani mkuu, kwa sababu namba ile ilitoka kinywani mwake. Wiki tatu nyuma Badawi alikishika kile kitabu kinene kilichokuja sandukuni pamoja na mashine, akasoma jaladani, akamwamuru, "Andika tatu nukta mbili." Kitabu ni cha toleo la tatu, ni kweli. Lakini mashine ilikuwa imeshatumika miaka ofisi kuu ya Mombasa kabla ya kuletwa huku, na kitabu kilitupiwa sandukuni na mtu asiyejali kimetoka wapi.

Mzee Badawi alikuwa anafuta miwani yake. Aliifuta upande huu, akaifuta upande ule, akaivaa, akaivua tena, akaifuta. Kamaria akangoja. Alingoja kwa muda ambao hata makarani wa mizani waliuona mrefu. Kisha akainamisha macho, kwa sababu Badawi alikuwa karani mkuu ofisini, lakini nyumbani alikuwa baba wa mumewe.

"Ni mimi niliyepiga chapa, bwana," akasema.

"Basi kaa uandike."

"Niandike nini?"

"Barua ya onyo."

"Inakwenda kwa nani?"

"Kwako."

Akakaa. Akatia karatasi kwenye taipureta, na kaboni mbili, kwa kuwa barua ya onyo huwa na nakala mbili: moja ya faili na moja ya ofisi kuu. Bwana Kirit akasimama nyuma yake akimsomea, uzembe, hasara, aibu kwa kampuni, na Kamaria akapiga neno kwa neno. Pale Kiingereza cha meneja kilipojikwaa alikinyoosha kimyakimya, maana barua ikitoka mbaya ni yeye pia atakayelaumiwa. Mwisho wa barua palisema kwamba kuthibitishwa kwake kazini kumefutwa. Makarani wa mizani walikumbuka ghafla kwamba lango liko wazi, wakatoka; Easter naye akakusanya diski zake akawahi gari.

Meneja alipoondoka, ofisini wakabaki wawili. Badawi alifungua droo, akaifunga.

"Bi Kamaria," akasema. Ofisini alimwita hivyo, kwa adabu.

"Naam, baba."

"Hapana. Endelea na kazi."

*

Nyumba za kampuni zilikuwa safu moja ya matofali meupe, nyuma ya rundo la magunia. Ya Badawi ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi, na jiko uani. Sheria ya nyumba zile ilikuwa fupi: mwajiriwa wa kudumu akiondoka, naye aondoe vyombo vyake. Badawi angestaafu mwisho wa Disemba. Mwanawe, Mahadhi, alikuwa kibarua wa mabwawa ya chumvi, leo yuko kesho hayuko, na kibarua hapewi hata ufunguo wa choo. Kwa hiyo hesabu yote ya nyumba ile ilikuwa juu ya Kamaria: athibitishwe Januari, nyumba iandikwe jina lake, watu sita wabaki walipo. Asipothibitishwa, warudi Malindi wakapange chumba kimoja Muyeye, wazee na watoto na magodoro.

Kamaria aliingia uani saa ya chakula cha mchana, barua ikiwa imekunjwa ndani ya buibui. Mama mkwe wake, Batuli, alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso hivyo?"

"Lile neno nilokupa umfikishie baba. La mashine. Ulimfikishia?"

Batuli akaacha kukuna. Kifuu kikabaki mkononi.

Hapa mtu wa mbali atashangaa, aseme kwani huyu dada hana mdomo? Anao. Siku ile ile ya kujaza fomu, Badawi alipokwenda kuswali adhuhuri, Kamaria alizibonyeza zile herufi tatu alizofundishwa kwenye mafunzo ya wiki mbili Mombasa, na mashine ikamwambia kweli. Lakini mkaza mwana hamwambii mkwewe kuwa amekosea, tena mbele ya wafanyakazi. Neno la namna hiyo hupita kwa mama. Mama hulipeleka jioni, mzee akishakunywa kahawa yake, nalo humfikia likiwa limepoa, kisha asubuhi mzee hulisema kama lake, na hapana aliyevunjiwa heshima. Njia hiyo ilikuwa imeiweka nyumba ile salama miaka yote. Fomu ilipangwa kuondoka na posta ya kesho yake, muda ulikuwapo.

"Nililimeza," Batuli akasema.

"Mama!"

"Nililimeza, mwanangu, nisikufiche. Baba yako ana presha. Kabakisha miezi miwili atoke kwa amani. Nimwendee nimwambie mkaza mwanao asema hujui kusoma jalada la kitabu? Nikasema, aa, namba tu hiyo. Namba yaweza kumfanya nini mtu?"

Kamaria akamtolea barua. Batuli hakujua kusoma, lakini muhuri wa kampuni aliufahamu.

"Wametufukuza?"

"Bado. Januari."

"Na yeye alikuwapo? Baba yako?"

"Alikuwapo."

"Akasemaje?"

Kamaria alichukua ungo wa mchele, akakaa chini, akaanza kuchagua mawe. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Alikuwa na hasira, na aliyemkasirikia zaidi ni yeye mwenyewe, kwamba aliijua kweli, akaikabidhi mkono mwingine kama mtu anayeogopa kushika kitu cha moto.

"Ningemwambia mwenyewe," akasema mwishowe.

"Kwa mdomo gani?"

"Kwa huu huu uliokwambia wewe."

Batuli akaanza tena kukuna nazi. Heshima si utumwa, ndivyo tusemavyo, na ni kweli. Lakini mchana ule viwili hivyo vilikuwa vimefanana mno.

*

Baada ya magharibi wanaume walikaa mkekani ukumbini, wanawake na watoto jikoni, mlango wa kati ukiwa wazi kama siku zote. Mahadhi alikuwa ameshasikia mabwawani. Habari mbaya hufika kwa wabeba chumvi kabla haijafika kwa wenyewe. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwa maji ya chumvi, na kila alipochovya kwenye mchuzi alivuta pumzi.

"Wenzangu leo wananiuliza, mkeo kaiua kompyuta?" akasema kwa sauti ya kusikika mpaka uani. "Sina la kuwajibu. Mtu kapelekwa Mombasa kusomeshwa, nauli tumeuza kitanda cha mvule, kisha anashindwa kuandika namba mbili."

Jikoni Kamaria alikuwa anamlisha mdogo. Hakunyanyua uso.

"Lipo la kuelezea?" Mahadhi akapandisha sauti. "Si unisikie! Umetutoa nyumbani, wazazi wangu hawa utawalaza wapi?"

"Kula, Mahadhi," Badawi akasema.

"Nile nini, baba? Na wewe ulikuwapo. Wewe ni mkubwa wake pale. Hukumwona anaandika upuuzi?"

Badawi alishika tonge, akalirudisha sahanini. Ni rahisi kumhukumu, nasi tulioshiba na ambao hatukuwapo pale tunaweza kumhukumu tukitaka. Lakini mtu aliyeheshimiwa maisha yake yote kwa kutokosea, ukimwambia sema nimekosea, humwombi neno dogo. Alifungua kinywa. Halikutoka.

Aliyekuja ni Batuli. Alisimama mlangoni, mikono imejaa tui, mahali ambapo hakuwa na kawaida ya kusimama wanaume wakila.

"Mahadhi, nyamaza. Mkeo kaandika aloambiwa."

"Kaambiwa na nani?"

"Na huyo ulokaa naye sahani moja."

Mahadhi akamgeukia baba yake, kisha akatazama chini upesi, maana alikuwa ameona asichotaka kuona.

"Na alijua si sawa," Batuli akaendelea. "Kaiuliza mashine, ikamwambia. Akaniletea mimi neno nilifikishe, kwa adabu zake. Mimi nikalimeza. Basi kama ni kugombana leo, anza na mamako, maana huyo mwana wa watu hana kosa hata moja, na toka mchana hajatutaja."

Mtoto akadai maji, akapewa.

"Alijua?" Badawi akauliza taratibu.

"Alijua."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile. Ulikuwa msikitini."

Mzee akanawa mikono, chakula kikiwa nusu. Akatoka, akaketi barazani peke yake, na Batuli akamfuata baada ya kitambo, akakaa pembeni yake.

"Niliogopa, Batuli," akasema. "Usidhani nilisahau kama namba ni yangu. Nilikumbuka pale pale. Nilisimama mbele ya mtu umri wa mwanangu, nikaogopa, nikamwacha mwana wa watu ajiandikie barua yake mwenyewe. Nikasikia mashine ya chapa inavyolia. Herufi moja moja."

"Nami nina langu."

"Lako ni dogo."

"Si dogo," Batuli akasema. "Lakini lako ndilo wanaloweza kulisikia ofisini."

*

Asubuhi ya Jumatano, alipoingia ofisini Kamaria alimkuta mkwewe ameshafika, amekaa mbele ya kompyuta kwenye kiti cha Kamaria mwenyewe. Mashine ilikuwa imewashwa. Kitambaa cha kutarizi ambacho Kamaria huifunikia ili isiingie vumbi la chumvi kilikuwa kimekunjwa vizuri pembeni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Njoo unioneshe."

"Nikuoneshe nini?"

"Inavyoulizwa."

Kamaria akasita. Akasimama nyuma yake, akamwelekeza bila kumgusa: hii hapa ni V, ile ya pili, juu kidogo, E, na R jirani yake. Badawi alizitafuta kwa kidole kimoja. Alikosea mara moja, Kamaria akamwonesha kitufe cha kufutia, akarudia. Mashine ikajibu: 2.11. Mzee akainama karibu na kioo, akaisoma tena, kisha akaegemea kiti.

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu, baba."

"Sekunde mbili."

"Haifiki mbili."

Akainuka, akanyoosha kanzu yake, akaenda kubisha mlango wa meneja. Aliuacha wazi kwa makusudi. Kamaria alisikia kila kitu, na karani mmoja wa mizani aliyekuja kuomba wino naye akasikia, akaona ni vyema wino usubiri.

"Namba ile ni yangu, bwana. Nilisoma jalada la kitabu, sikuiuliza mashine. Bi Kamaria aliandika nilichomwamuru."

"Kwa nini hukusema jana?"

"Jana niliogopa."

Bwana Kirit hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeahidi kitu kwa wakubwa wake na sasa hana. Alitembea mpaka dirishani, akarudi.

"Mzee, unanitia taabuni. Mombasa wanataka jina moja kwenye faili kabla ya Ijumaa. La yule dada lilikuwa jepesi, ni wa muda. Likiwa lako siwezi kukuacha hapa mpaka Disemba, na wao waje wakuone umekaa pale pale. Tulikuwa tumekupangia sherehe. Mbuzi ameshanunuliwa, unajua?"

"Najua."

"Sherehe tutaifanya siku nyingine," akasema Bwana Kirit, na wote wawili wakajua kwamba siku hiyo haipo.

"Na barua ya Bi Kamaria?"

"Itatoka kwenye faili."

"Januari yake?"

"Iko palepale."

"Na nyumba?"

"Na nyumba, mzee, na nyumba! Niandikie barua ya kuacha kazi, nitie sahihi ya kuipokea, tumalize."

"Safari hii usome kwanza," Badawi akasema, na kwa namna ya ajabu meneja hakukasirika.

Badawi alirudi, akavuta kiti, akaketi mbele ya meza ya Kamaria, upande wanaokaa wageni. Hakuwahi kuketi pale. Kamaria alikuwa ameshatia karatasi na kaboni mbili, lakini mikono yake ilikuwa mapajani.

"Baba, si lazima. Muyeye watu wanakaa. Tutakaa."

"Ukubwa ni jaa, mwanangu. Kila taka huishia hapo, na jana niliikataa ya kwangu mwenyewe. Andika. Andika kwa Kiswahili, nataka nielewe kila neno ninalolitilia sahihi."

Akaanza kumsomea, macho dirishani, akisimama kila nukta kama alivyozoea. Kwamba yeye, Badawi bin Jaafar, karani mkuu, ndiye aliyetoa namba isiyo sahihi ya kompyuta. Kwamba taipisti aliijua namba ya kweli siku ile ile, na hakuwa na njia ya kumwambia, kwa kuwa yeye Badawi hakumwachia njia. Hapo Kamaria alipunguza mwendo, lakini alipiga. Kwamba hana wa kumlaumu.

"Mstari mpya," akasema Badawi, akakohoa. "Naiacha kazi leo, baada ya kuitumikia kampuni kwa uaminifu miaka thelathini."

Mikono ya Kamaria ikasimama juu ya herufi. Faili la mkwewe lilikuwa wazi mezani, tarehe ya kuajiriwa kwake imeandikwa juu kwa wino uliopauka, na alikuwa ameshaihesabu.

"Sivyo, baba," akasema. "Ni thelathini na moja."

Badawi akageuka kutoka dirishani, akamtazama. Kamaria hakuinamisha macho.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi andika hivyo," akasema mzee.